Hatua ya Tano

Sitka, 14 Septemba 1996

Mama,

Olinka ndiye atakayekusomea, kwa hiyo kwanza namwambia yeye: binamu, soma yote, usiruke mstari, wala usichomeke maneno yako ya kuchekesha katikati.

Mama, nimefika shuleni salama. Hapa kuna miti mingi mno. Huko nyumbani, kwenye tambarare isiyo na mti, jicho linakwenda mpaka linachoka lenyewe. Hapa linagonga shina kabla halijaanza safari. Wiki ya kwanza nilitembea nimeinama kama mtu aliye ndani ya nyumba fupi ya kuogea mvuke. Wasichana ninaolala nao chumba kimoja wanadhani nina huzuni. Ni aibu tu, unanijua.

Nimechagua somo la usanifu wa michoro. Ni kazi ya kupanga picha na maandishi ili mtu aelewe jambo kabla hajasoma: mabango, majalada ya vitabu, hata karatasi za kwenye makopo ya samaki. Tunafanya kwa kompyuta. Mwalimu wetu, Bi. Lindqvist, alituambia kila mmoja aanze na kitu kilichotengenezwa na mtu wa kwao. Nikapeleka lile koti la manyoya ya kindi ulilonishonea nikiwa na miaka kumi. Halinienei tena, lakini nimelining'iniza juu ya kitanda changu.

Aliuliza, "Nani alikushonea?"

Nikasema, "Mama."

Akatazama picha niliyoibandika kwenye daftari. "Huyu?"

"Hapana, huyo ni mama mwingine."

Hapo ikabidi nieleze kwamba binti yako Atsaruaq alizama barafuni mwezi wa nne, mimi nikazaliwa mwezi wa sita nikapewa jina lake, maana kwetu marehemu hurudi kwa anayepewa jina lake, na tangu siku hiyo mimi ndiye binti yako na hujawahi kuniita kitu kingine. Akasema, "Kwa hiyo una mama wawili." Nikamwambia ndiyo, na wote wawili wananigombeza nisipokula.

Nina swali. Kifuani, kwenye ule ukanda mweupe wa ngozi ya ndama, kuna alama tano nyeusi. Nne zinafuatana, ya tano imekaa mbali na wenzake. Maana yake nini? Mama mzazi nimemuuliza kabla sijaondoka. Alisema hizo ni za familia yako, yeye hawezi kuzisemea.

Binti yako,
Atsaruaq


Kuigaaq, 2 Oktoba 1996

Binti yangu,

Barua imesomwa mara tatu. Mara ya kwanza Olinka alicheka peke yake, nikajua kuna maneno yake humo.

Nimekutumia samaki wakavu na chupa ya mafuta ya sili. Usiwagawie wote. Nakujua, ukiombwa huwezi kusema hapana. Mafuta yanywe wewe. Anayekaa siku nzima akitazama kioo chenye taa, macho yake yanakauka.

Ulichouliza hakiandikwi. Hakuna siri, ila hakiandikwi. Maneno ya koti mtu huambiwa akiwa ameshika sindano, yapite mkononi kwanza ndipo yapande kichwani. Njoo mwezi wa tano, mto ukishavunja barafu. Ngozi nimeshakuwekea, nyeupe na nyeusi. Wewe utashona, mimi nitasema.

Mbwa wa jirani amezaa sita. Matunda ya mwaka huu yalikuwa machache, lakini nimekufichia ndoo moja, tuyapige na mafuta tupate akutaq.

Mama yako,
Miisaq

(Sasa ni mimi, Olinka, mkono unaouma kwa kuandikia watu barua. Wewe kichwa cha vitabu! Eti umefundishwa kupanga karatasi za makopo? Hapa tunakula samaki bila kumsoma kwanza. Halafu nimekutafutia mume: ana meno matatu na mbwa tisa. Jibu haraka, meno yanapungua.)


Sitka, 20 Novemba 1996

Olinka,

Hii ni yako peke yako. Usimsomee Mama.

Mwambie huyo mwenye meno matatu kwamba mimi nataka manne. Sasa tuache utani, nina jambo.

Kuna shindano la kuchora bango la tamasha la ngoma la mjini Bethel, lile la mwezi wa tatu. Bango litakaloshinda litachapishwa na kubandikwa kila kijiji cha mto, dukani, posta, uwanja wa ndege, kila mahali. Bi. Lindqvist anataka nishiriki na alama za koti. Nimezichora kwenye kompyuta, nyeusi juu ya nyeupe, kubwa, chini yake mistari ya wachezaji. Olinka, ni nzuri. Sijawahi kufanya kitu nikakitazama nikasema hivyo.

Lakini ile alama ya tano inanisumbua. Kompyuta ina miraba ya kupimia; alama nne zinakaa sawasawa, umbali ule ule, ya tano inaangukia mbali. Bi. Lindqvist alitazama koti akasema labda ngozi ilivutika kwa kuzeeka. Akaniambia, "Wewe ndiye unayejua." Mimi sijui.

Muulize Mama kwa ujanja. Usimwambie kuhusu shindano, nataka aone bango ghafla dukani. Muulize tu kama nafasi ile ni ya makusudi. Kazi inapelekwa tarehe 13 Desemba.

Nakuomba, mtani wangu.

Atsaruaq


Kuigaaq, 5 Desemba 1996

Mtani wangu mwenye haraka,

Nilikwenda kumuuliza. Nilijifanya nalisifia koti lake la kanisani, maana lina alama zile zile. Nikasema, "Mama Miisaq, hapa sindano yako ililala usingizi?" Akanitazama kama ninavyotazamwa na wale mbwa tisa. Akasema, "Umetumwa na binti yangu. Mwambie asubiri." Halafu akacheka mpaka akakohoa. Alifurahi, ukweli ndio huo. Alisema, "Anauliza. Yule wa kwanza hakuwahi kuuliza."

Ushauri wangu, na mimi si msomi: usiguse. Acha kama ilivyo. Mikono ya yule bibi haikosei hata gizani.

Ndege ya posta haijatua siku nne kwa ukungu. Barua hii inakaa ofisini ikikungoja kama mchumba wako.

Habari nyingine: nimenenepa, na si kwa akutaq. Nitajifungua mwezi wa sita. Mume wangu anatembea kijijini kifua mbele utadhani yeye ndiye aliyebeba.

Olinka


Sitka, 9 Februari 1997

Mama,

Salamu nyingi. Nakula. Mafuta yamekwisha na macho yangu ni mazima.

Kuna kitu changu kitafika dukani mwezi ujao, kitaletwa na ndege. Siwezi kukwambia ni nini. Ukienda kununua chai, inua macho utazame ukuta wa karibu na mlango. Nimekifanya kwa ajili yako.

Olinka, hongera tena. Barua yako ya Desemba ilifika tarehe 4 Januari. Ilikuwa imechelewa. Lakini msijali, kila mtu aliyekiona anasema kimependeza.

Mama, nahesabu wiki. Zimebaki kumi na tano. Nimenunua kikofia cha kidole cha kushonea. Cha chuma. Nipe kazi ngumu.

Binti yako,
Atsaruaq


Kuigaaq, 14 Machi 1997

Atsaruaq,

Mabango yamefika. Moja lipo dukani, moja posta, moja zahanati. Mama yako mzazi amesimama mbele ya lile la duka kama askari, kila anayeingia anaambiwa, "Huyo ni wangu aliyechora." Watu wanakusifu. Mwenye meno matatu amesema sasa huenda wewe ni ghali kwake.

Mama Miisaq ameliona. Nilikuwa naye. Hajambo. Amechoka kidogo, kifua kile cha siku zote. Wiki hii hakutaka kuandika.

Usiwaze sana. Soma vitabu vyako.

Olinka


Sitka, 22 Machi 1997

Olinka,

Alisema nini alipoliona? Hujaniambia alisema nini.

A.


Kuigaaq, 3 Aprili 1997

Katerina,

Nimeiona kazi yako. Rangi ni nzuri, na wachezaji wana mikono ya wachezaji wa kweli. Chini umeandika kwamba muundo ni wa familia yako. Mwenye duka aliniuliza kama nimeudhika. Nilimwambia hapana, familia ya huyu mtoto na yangu tangu lini tukazitenga.

Nilisema ungoje sindano. Naona kungoja hakukutusaidia, kwa hiyo nitakwambia hivi hivi.

Babu yangu, baba wa mama yangu, alikuwa anawinda sili juu ya barafu ya bahari. Upepo ukageuka, barafu ikakatika kati yake na nchi kavu, kipande alichosimama kikaanza kwenda. Alikimbia. Hatua moja, mbili, tatu, nne. Ya tano ilikuwa ng'ambo. Ile nafasi unayoiona kwenye koti, sindano haikukosea hapo wala ngozi haikuvutika. Hapo ndipo alipokuwa hewani. Mama yangu alinifundisha kwamba nikifika hapo niache kushona, nivute pumzi, kwa sababu mtu yuko juu na hajashuka bado.

Kwenye bango lako hatua zote zimekaa sawasawa. Mtu wa hatua hizo alikuwa anatembea tu. Hakuruka. Na kama hakuruka, hakufika nyumbani, na mama yangu hakuzaliwa, wala mimi, wala binti yangu.

Sijakasirika. Kula vizuri.

Miisaq

(Hilo jina la juu ni lake. Nilimwuliza, "Niandike binti yangu, kama siku zote?" Akasema, "Andika jina lake la kanisani." Nikamwuliza tena, nikidhani hakunisikia. Alinisikia. Samahani, binamu. O.)


Sitka, 15 Aprili 1997

Mama,

Sijui kama bado naruhusiwa kuandika neno hilo. Nimeliandika kwa sababu sina jingine. Tangu nijue kusema sijawahi kukuita Miisaq.

Nataka kukuambia ukweli ambao sikuuandika mwezi wa pili. Nilisema barua ya Olinka ilichelewa. Haikuchelewa. Ni kweli shindano lilikuwa limepita, lakini bango halikupelekwa kiwandani kuchapishwa mpaka mwisho wa Januari. Barua ilifika tarehe 4. Ilisema, "Usiguse." Nilikuwa na wiki tatu. Ilikuwa ni kwenda tu kwa Bi. Lindqvist na kusema, "Nimekosea, naomba tuirudishe alama ya tano kama ilivyo kwenye koti." Mara mbili nilifika mpaka mlangoni kwake. Mara ya kwanza alikuwa na watu. Mara ya pili alikuwa peke yake, akanitazama akasema, "Ndiyo, Katerina?" Nikamwomba kifutio.

Kifutio, Mama. Darasa la kompyuta.

Watu walikuwa wameshanipongeza, nikaona haya kuwaambia. Nikajiambia ni nafasi tu, upana wa vidole viwili, nani atajua. Nilimuua babu yako kwa aibu yangu.

Nimelichora upya. Nililipima kwa koti, si kwa miraba. Nilipofika kwenye ile nafasi niliacha kipanya nikavuta pumzi kama ulivyosema. Nimeiweka karatasi ndani ya bahasha hii. Bi. Lindqvist nimemwambia kila kitu, nikilia mbele ya darasa zima, na ameandikia watu wa tamasha. Wamesema mabango yaliyobandikwa hayawezi kurudishwa.

Shule inafungwa tarehe 23 Mei. Nitakuja moja kwa moja kwako kabla sijapita kwetu. Usiniambie chochote kama hutaki. Nipe tu sindano. Nitakaa sakafuni.

Nakuomba, niite tena.

Atsaruaq


Kuigaaq, 2 Mei 1997

Binamu yangu mpendwa,

Leo sina utani. Kaa chini kwanza.

Mama Miisaq amefariki. Ilikuwa tarehe 28 Aprili, asubuhi, mto ukiwa unavunja barafu. Ni kile kifua. Tangu mwezi wa pili alikuwa anakohoa damu, akanikataza kukuandikia. "Yuko shuleni," alisema, "usimtie uzito kichwani." Na mimi nikatii, nikakuandikia hajambo. Unaweza kunichukia kwa hilo. Mimi mwenyewe najichukia.

Najua utakachouliza kabla ya yote. Uwanja wa ndege ulikuwa tope tupu wiki mbili, hakuna kilichotua. Barua yako ya tarehe 15 ilifika tarehe 30. Tulikuwa tumeshamzika jana yake. Hakuisoma. Niliipeleka kaburini nikaisoma kwa sauti, na ile karatasi yako nikaiweka chini ya jiwe, lakini siwezi kukudanganya tena: mtu hai hakuisikia isipokuwa mimi.

Kuna kitu kingine, sijui maana yake, nakupa kama kilivyo. Siku kama kumi kabla hajaenda alimwomba mwenye duka lile bango. Alilipeleka nyumbani. Nilipoingia jioni nilimkuta na mkasi wake wa ngozi. Alikuwa ameikata alama ya tano, ameitoa kabisa, halafu ameibandika upande, mahali pake. Bango alilibandika ukutani nyuma ya kitanda. Pale katikati palipokatwa unaona mbao za ukuta.

Nilimwambia, "Sasa limekuwa sawa."

Akasema, "Sasa ameshuka."

Nikamwuliza, "Tumwandikie binti yako?" Alifumba macho. Nilidhani anafikiri, kumbe amelala. Tangu siku hiyo sikumsikia akikutaja kwa jina lolote. Si la kanisani, si lile jingine. Nimejaribu kukumbuka hata neno moja la kukupelekea. Sina.

Kesho kutwa napelekwa Bethel kungojea siku zangu karibu na hospitali. Wazee wamekuja wameniambia kwamba jina lake litapewa huyu niliyembeba. Nimekubali kabla hawajamaliza kusema. Kwa hiyo atarudi, Atsaruaq. Ila sijui atarudi akiwa na moyo gani kwako.

Ufunguo wa nyumba yake upo kwa mama yako mzazi. Ile ndoo ya matunda ipo bado.

Olinka


Kuigaaq, 14 Juni 1997

Kwa Miisaq, hospitali ya Bethel, kwa mkono wa Olinka

Mama,

Olinka amepiga simu dukani. Amesema umezaliwa tarehe 11, una nywele nyingi, una masikio yale yale, na wewe ni mvulana. Amesema ulipowekwa mikononi mwake alikwambia, "Karibu tena, bibi, safari hii ufue nguo zako mwenyewe." Dukani wote wamecheka. Mimi nilicheka pia, nikajificha nyuma ya masanduku ya chai.

Nimekaa nyumbani kwako wiki tatu sasa. Nilifika, nikafungua mlango, nikasema, "Mama, nimekuja," kwa sababu nilikuwa nimeahidi kuja kwako kwanza. Kisha nikakaa sakafuni. Ngozi nilizikuta kama ulivyosema, nyeupe na nyeusi, zimekunjwa pamoja na sindano mbili. Mbili, si moja. Nimezitazama sana hizo sindano, nikajiuliza uliweka ya pili lini, kabla ya bango au baada yake. Hakuna wa kumuuliza.

Nakushonea koti. Ni dogo sana, linaingia kwenye mfuko wa unga. Mama mzazi amenifundisha mishono, lakini alama hakuzigusa. Alitoka nje kabisa nilipozianza. Sikutumia miraba. Nilibandua bango ukutani nikaliweka juu ya ngozi, nikapima kwa tundu ulilolikata kwa mkasi. Hatua nne nimezishona kwa siku mbili. Kisha nikaacha, nikavuta pumzi. Nilikaa hivyo muda mrefu, Mama. Nilimuona yuko juu. Niliogopa kumshusha.

Hatua ya tano niliishona jana. Mshono umepinda kidogo. Nimeuacha, utanigombeza ukikua.

Nimekutengenezea akutaq kwa ile ndoo uliyonifichia. Olinka anasema huna meno hata yale matatu, kwa hiyo atakula yeye kwa niaba yako, na amenionya nisije kulia juu ya bakuli likawa la chumvi.

Mtakuja wiki ijayo, hali ya hewa ikikubali. Nitakuwa uwanjani. Najua hutanijua. Utanitazama kama unavyotazama taa. Utachukua mwaka mzima, labda na nusu, kabla ya neno lako la kwanza, na mwingine kabla hujaanza kuita watu. Olinka atakufundisha majina. Nimemwomba asikufundishe langu, hata moja kati ya yale mawili. Akasema, "Sawa, binamu. Atachagua mwenyewe."

Mwezi wa tisa sirudi Sitka. Nimemwandikia Bi. Lindqvist. Amejibu kwamba atanitumia vitabu na kazi kwa ndege ya posta, na kwamba nafasi yangu ipo. Mimi nataka niwepo hapa siku utakaponiita.

Barua zote nilizokuandikia nimezitia sahihi. Hii siwezi. Nimeacha mahali wazi chini hapa. Wewe ndiye unayejua panaandikwa nini.

Wako,